Nimefunga kamera nne mwenyewe Kigamboni: kamera hazikusumbua, waya ndiyo iliyosumbua

Kamera zenyewe ni nzuri. Naanza na hilo kwa sababu nikishaeleza yaliyonikuta, mtu anaweza kudhani nailalamikia bidhaa. Seti niliyonunua ni ya kawaida sana siku hizi: kamera nne za megapikseli 4, rekoda yenye matundu manne ya PoE kwa nyuma (yanayopeleka umeme kwa kamera kupitia waya ileile ya mtandao), diski ya terabaiti 1 ndani yake, na waya nne zilizokwisha kubanwa vichwa. Bei yote ilikuwa chini ya laki tisa. Nimezifunga kwenye nyumba yetu Kigamboni, upande unaopigwa na upepo wa bahari, na zimeshapita masika na kusi zikiwa juu. Karibu yote yaliyonisumbua yalitoka nje ya kamera: waya, umeme, ruta na wadudu.

Fundi niliyemuuliza alitaja laki mbili na nusu za ufundi peke yake, na kwa kazi ile si bei mbaya. Kilichonifanya nishike drili mwenyewe ni yaliyompata jirani. Rekoda yake imesajiliwa kwenye simu ya fundi aliyeifunga; yeye mwenye nyumba kapewa ruhusa ya kuangalia tu. Fundi kahamia mkoani. Jirani kila akibadilisha simu inabidi ampigie fundi amruhusu upya, maana yake kuna mtu asiye wa familia anayeweza kuchungulia uani kwake muda wowote apendao. Kwa hiyo hata ukimwita fundi, usajili ufanye wewe, kwa simu yako na barua pepe yako, na nenosiri ulitunge wewe. La kiwandani usiliache hata siku moja. Oktoba 2016 kamera na rekoda nyingi zilizokuwa zimebaki na nenosiri la kiwandani ziliambukizwa kirusi kiitwacho Mirai, zikatumika kuzishambulia seva za Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikizielekeza simu na kompyuta kwenye tovuti, hadi Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Wenye kamera hizo wala hawakujua.

Kwa nini si kamera za waifai? Tunayo moja sebuleni, na kwa sebuleni inafaa. Lakini watu wanaposema "haina waya" wanasahau kwamba bado inataka umeme, kwa hiyo waya iko palepale. Kuta zetu za tofali za saruji nazo zinameza mawimbi; kufika getini mtandao umeshakuwa wa kubahatisha. Kama unayo na inagoma kuunganishwa, angalia jambo moja kabla ya kuirudisha dukani: nyingi za bei nafuu zinaelewa masafa ya 2.4 GHz tu, wakati simu yako pengine imekaa kwenye 5 GHz ya ruta ileile. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, tenganisha majina ya mitandao hiyo miwili, unganisha simu kwenye 2.4, kisha rudia. Mara nyingi tatizo huishia hapo.

Uzuri wa PoE ni kwamba waya moja inabeba picha na umeme pamoja. Huhitaji soketi kwenye kona ya paa. Kwa kiwango cha kawaida kila tundu la rekoda linaweza kutoa hadi wati 15.4, na waya inaruhusiwa kufika mita 100. Kamera ya aina hii haili hata nusu ya wati hizo. Kwenye karatasi, basi, kila kitu kinatosha na kubaki.

Waya za kwenye boksi zilitosha kwa kamera tatu. Ya getini ilikuwa mbali, ikabidi ninunue waya nyingine Kariakoo na kubana vichwa mwenyewe. Kubana vichwa si kazi ngumu: unapanga nyuzi nane kwa mpangilio uleule wa rangi pande zote mbili, unazikata ziwe sawa, unazisukuma mpaka uone ncha za shaba zimegota mbele ya kichwa, ndipo unabana. Testa ya bei ndogo inatosha. Taa zake zikiwaka moja hadi nane kwa zamu pande zote mbili, umefaulu. Yangu iliwaka zote. Kamera ya getini ikawaka, picha safi, nikashuka kwenye ngazi nimeridhika.

Magharibi ilipoingia ikazima. Ikarudi, ikakaa kama dakika moja, ikazima tena. Hivyo usiku kucha, na alfajiri ilipopambazuka ikatulia yenyewe kama hakuna lililotokea. Kesho yake vilevile.

Kamera inayokufa usiku tu inakuambia jambo. Giza likiingia, inawasha taa zake za infraredi zisizoonekana kwa macho, na hapo ndipo inapovuta umeme mwingi kuliko mchana. Kama umeme unaofika ni wa kuchechemea, itazima wakati huo huo. Ila kabla ya kuilaumu waya niliishusha kamera yenyewe, nikaipeleka sebuleni, nikaichomeka kwa waya fupi ya boksi na kuifunika kwa kitambaa cheusi ili idhani ni usiku. Ikawaka masaa yote bila kuyumba. Nikachukua kamera ya jikoni, isiyo na historia ya ugonjwa wowote, nikaipandisha getini. Ikaanza kuzima. Hapo mshtakiwa alikuwa amebaki mmoja.

Nilikata kipande cha ile waya, nikamenya uzi mmoja na kuukwangua kwa kisu. Juu rangi ya shaba, ndani mweupe kama sufuria. Aluminiamu iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme vibaya kuliko shaba yenyewe, na kadiri waya inavyorefuka ndivyo umeme unavyopotea njiani. Testa ya taa haiwezi kukuambia hilo, kwa sababu yenyewe inauliza tu kama uzi umefika upande wa pili.

Nilirudi dukani na kipande mfukoni. "Karibu bosi, umepungukiwa nini tena?" Nikamwonyesha. Kijana akakigeuzageuza, akacheka kidogo. "Kaka, hii ndiyo watu wote wanachukua. Kopa tupu, yaani shaba, ipo, ila bei yake utakimbia." Nikamwambia ataje tu. Ilikuwa karibu mara mbili, nikakubali, lakini safari hii nikaomba kisu kwanza na kukwangua mbele yake kabla ya kutoa hela. Hakuchukia, inaelekea si mimi wa kwanza. Shaba halisi pia utaijua kwa uzito ukishika roli mkononi. Tangu nibadilishe, kamera ya getini haijazima usiku.

Kwa wa pwani nina la kuongeza. Chumvi ya bahari haina huruma na viungio. Kichwa cha waya kikiachwa wazi chini ya paa, pini zake zinaota kutu ya kijani na picha inaanza kukatika. Kila kamera inakuja na kifuniko kidogo cha plastiki chenye mpira wa kuzuia maji, watu wanakitupa kwa sababu kuna kazi kukivalisha. Kivalishe, kisha kiungio chote kiweke ndani ya kiboksi cha plastiki nyuma ya kamera. Waya kabla haijaingia ukutani iache ining'inie kidogo chini ya tundu kisha ipande, ili maji ya mvua yadondokee pale chini yasifuate waya hadi ndani. Skrubu za kwenye boksi zilianza kutu mapema. Weka za chuma kisichoshika kutu.

Kimo nacho kina mambo. Ukipandisha kamera juu sana kwa kuogopa isiibwe, utarekodi kofia za watu. Mita mbili na nusu hadi tatu panatosha. Zangu zina lenzi ya milimita 2.8, ambayo inaona upana mkubwa, ua wote unaingia, lakini mtu aliye mita kumi na kitu mbali sura yake ni doa. Getini, pale unapotaka kujua ni nani, lenzi ya milimita 4 ingekuwa bora, inaona eneo dogo kwa ukaribu zaidi. Muuzaji hakuuliza, na seti nyingi zinakuja na 2.8.

Sasa mtandao. Rekoda ilikuja na saa ya China, GMT+8, masaa matano mbele yetu. Gari lililoingia saa mbili usiku limeandikwa saa saba usiku, tarehe ya kesho yake. Ukipeleka ushahidi wa namna hiyo polisi mtabishana. Ibadilishe iwe GMT+3 siku ya kwanza, na uiruhusu ichukue saa kutoka intaneti. Ruta yetu ni ya laini ya simu, na inagawa anwani zinazoanza na 192.168.8, wakati rekoda ilikuwa imewekewa anwani ya 192.168.1 kiwandani. Haziwezi kusemezana hivyo. Kwenye mipangilio ya rekoda tafuta DHCP, iwashe, iombe anwani yenyewe. Kuhusu kuangalia ukiwa mbali, usipoteze muda kufungua milango (port) kwenye ruta kama unatumia laini ya simu. Mara nyingi kampuni ya simu imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, na mlango utakaoufungua hauelekei popote. Tumia njia ya kuskani msimbo wa QR wa rekoda, hiyo inapita.

Ila chunga bando. Picha kubwa ya kamera moja kwa megabiti 2 kwa sekunde inakula karibu gigabaiti moja kwa saa ukiitazama kutoka nje. Programu ina picha ndogo ya pili, chagua hiyo. Kurekodi kwenyewe hakuli bando hata kidogo, kunaishia kwenye diski. Kwa kasi hiyohiyo ya megabiti 2, kamera nne zinajaza gigabaiti 86 kwa siku, kwa hiyo terabaiti 1 inakaa siku kumi na moja hivi kabla ya kuanza kufuta za zamani. Kwangu zinatosha.

Arifa zilitaka kutufukuza nyumbani. Kuku, paka, makuti ya mnazi, kila kitu simu inalia. Nikazima ya "mwendo" nikabakiza ya "binadamu", nikachora mstari ndani ya geti badala ya barabarani. Utulivu ukarudi, isipokuwa kwa mjusi kafiri. Taa za infraredi zinavuta wadudu, wadudu wanamvuta mjusi, naye hapati mahali pazuri pa kuwinda kuliko mbele ya lenzi. Usiku tumbo lake linajaza skrini nzima, jeupe, unaona hadi vidole. Buibui naye anatanda utando, na utando ukipigwa na zile taa picha yote inakuwa ukungu. Usipulizie dawa kwenye kioo cha lenzi. Mimi nimefunga taa ya kawaida mbali kidogo na kamera, wadudu wamehamia huko, na utando naufagia kwa ufagio laini wa mpini mrefu kila nikikumbuka.

Umeme wa TANESCO ukikatika kamera zisizo na akiba ni mapambo. Rekoda, kamera nne usiku na ruta vyote pamoja vinakula kama wati 40 au zaidi kidogo. Tulikuwa na inveta na betri ya 100Ah kwa ajili ya taa na feni. Nikahamishia rekoda na ruta huko, vinamaliza usiku mzima. Ikiwa huna, hata UPS ndogo ya kompyuta inakuvusha saa moja hivi. Usisahau ruta. Rekoda itaendelea kurekodi bila ruta, ila wewe uliye safarini utaona giza tu.

Kamera ya uani ilikuwa inaona kibaraza cha jirani anapokaa na familia yake jioni. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuziba, unachora mraba mweusi juu ya eneo usilotaka lirekodiwe. Nilimwita akaja akauona kwenye skrini. Dada anayetusaidia kazi naye nilimwonyesha kila kamera inaona wapi, na ndani ya vyumba vya kulala hatukuweka.

Kama ni nyota, kamera nazipa nne kati ya tano, rekoda nne, na programu yake ya simu mbili. Inafunguka taratibu, inakupokea kwa tangazo, na kila wiki inataka ununue hifadhi ya mtandaoni wakati diski ipo. Mama hataki hata kuisikia. Rekoda nimeiunga na televisheni kwa waya ya HDMI, basi geti likigongwa anabonyeza rimoti, anaangalia ni nani, halafu anarudi kwenye tamthilia yake.