Fungu la kindu kwa siku za dhoruba

Fungu la kindu (majani ya mkindu) ninaloliandikia hapa nililinunua mwishoni mwa Aprili 2024, katika duka dogo la vifaa vya kusukia mikeka mjini Unguja, kwa shilingi 8,000. Nia yangu ilikuwa kusuka msala mmoja, yaani mkeka wa kuswalia, kabla masika hayajaisha. Ndani yake mlikuwamo chane, yaani vipande vyembamba vya majani hayo, zilizokwisha kuchanwa na kukaushwa, nusu zikiwa nyeupe na nusu zimetiwa rangi nyekundu na zambarau, pamoja na shazia moja, yaani sindano kubwa ya kushonea mikeka. Tangu wakati huo nimekwisha kununua mafungu mengine mawili ya aina hiyohiyo, kwa hiyo ninayoyasema nayasema baada ya kuyatumia kwa muda wa kutosha.

Siku chache baada ya kulinunua, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitutahadharisha kuhusu Kimbunga Hidaya. Boti za Dar es Salaam zilisitishwa, na dada yangu, ambaye ndiye ninayeishi naye, akakwama upande wa pili wa bahari. Nilibaki peke yangu ndani ya nyumba ya bati, mvua ikishuka kwa kishindo hata sikuweza kuisikia redio, na kila upepo ulipovuma nilikwenda kutazama kama komeo la mlango wa uani lingali mahali pake. Sisi wa Unguja hatuwezi kukichukulia kimbunga kuwa jambo la nchi za mbali, kwani kile cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hiki, na wazee wetu walirithishana habari zake. Hofu yangu, basi, haikuwa ya kujitakia. Baada ya kuitazama simu mara nyingi zisizo na faida, niliizima ili kutunza chaji, nikatandika jamvi sebuleni, nikalifungua fungu.

Ubora wa kwanza wa kindu hizi ni namna zinavyopatana na hewa ya mvua. Wakati wa kaskazi, jua linapokuwa kali na upepo mkavu, ukindu hupasuka kwenye kunjo, na msusi hulazimika kuzifunika chane kwa kanga mbichi au kuzinyunyizia maji kila baada ya muda. Siku ile ya dhoruba sikuhitaji tone la maji, kwa maana unyevu uliokuwamo chumbani ulikuwa umekwisha kuzilainisha. Nilipoikunja chane ya kwanza na kuibana kwa ukucha wa kidole gumba, ilikubali bila kutoa sauti, ikaacha kunjo jembamba lililonyooka kama mstari wa kalamu. Chane zenyewe zilichanwa kwa upana unaolingana, jambo ambalo si la kawaida katika mafungu yanayouzwa tayari. Katika mafungu mengi niliyowahi kununua nililazimika kuzichana upya karibu nusu ya zilizokuwamo, na ukili (utepe mrefu unaosukwa kisha kushonwa kuwa mkeka) uliosukwa kwa chane zisizolingana huvuta upande mmoja hata ukikazwa namna gani.

Nilianza ukili wa chane saba, ambao ndio ninaoumudu vizuri zaidi. Usiku umeme ulikatika, na hapo ndipo nilipoitambua thamani kubwa ya kazi hii. Mimi pia hushona kofia za viua, kazi ninayoipenda sana, lakini kofia hudai mwanga mzuri, kwa sababu kila kiua ni kitundu kidogo kinachozungushiwa uzi, na jicho likikosea mara moja safu nzima huharibika. Ukili hauhitaji hivyo. Chane ya pembeni hukunjwa, hupitishwa juu na chini ya wenzake mpaka katikati, kisha huja zamu ya chane ya upande wa pili, na vidole huhisi penye kosa kabla jicho halijaliona. Nilisuka gizani kwa muda mrefu, nikihesabu kimoyomoyo, na kwa kuwa hesabu ile haikuniachia nafasi ya kuhesabu vishindo vya upepo, mabega yaliyokuwa yamekakamaa tangu mchana yalilegea yenyewe. Sikulala mapema usiku ule, ila pia sikurudi tena kulitazama lile komeo.

Asubuhi ilinionyesha kasoro ya kwanza. Vidole vyangu na ncha ya kanga niliyovaa vilikuwa vyekundu, na wekundu ule ulikuwa umeambukiza chane nyeupe zilizokaa jirani na zile nyekundu. Zambarau haikutoa rangi hata kidogo. Kasoro ya pili niliigundua baadaye. Dukani nilikuwa nimeambiwa kwamba fungu moja hutosha msala, lakini nililipata limekwisha baada ya pima sita za ukili (pima moja ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), hali msala mdogo nilioukusudia ulihitaji kiasi cha pima kumi. Kuhusu shazia, haina ubaya isipokuwa hushika kutu upesi, na inafaa ipakwe mafuta ya nazi mara baada ya kutumiwa.

Hali ya hewa ilipotulia nilirudi dukani na kipande cha ukili mkononi.

“Shikamoo, bibi. Nyekundu hii inatoka rangi.”

“Marahaba, mwanangu. Hiyo ilichemshwa kwenye rangi mvua imeshaanza, haikupata jua. Ya kwanza, ya wakati wa kaskazi, imekwisha.”

Hakubishana nami wala hakujitetea. Alinipa konzi mbili za chane nyeupe bila malipo, na kunielekeza kwamba rangi ikitoka, ukili uliokwisha kusukwa usifuliwe, bali ufutwe kwa kitambaa kikavu na kuanikwa kivulini. Nilifanya hivyo, na doa lililobaki kwenye msala wangu halionekani ila kwa anayelitafuta. Ningefurahi zaidi kama kasoro ile ningeelezwa kabla ya kulipa.

Kwa anayependa kuwa na kazi ya mkono ya kukaa nayo peke yake wakati wa mvua, ninalipendekeza fungu hili kwa moyo mweupe, kwa sharti kwamba linunuliwe mwezi wa Januari au Februari, wakati chane zimetiwa rangi na kukaushwa kwa jua kamili. Mwenye nia ya kumaliza msala achukue mafungu mawili tangu mwanzo. Asiyepata ila la masika achague jeupe tupu au la zambarau, alihifadhi ndani ya kikapu kisichofunikwa, kwani kindu zilizofungiwa kwenye mfuko wa plastiki huota ukungu, na harufu yake haitoki hata zikianikwa. La kwangu la mwaka huu lipo juu ya kabati tangu Februari, na dada yangu ameomba nimfundishe kuanza ukili wa chane saba mvua zitakaposhika.