Tairi la Pikapu kwa Njia za Malindi: Lipi Kwanza, Lipi Mwisho

Ukitoka Malindi mjini na kuvuka daraja la Sabaki, siku moja inatosha tairi lako kukutana na kila aina ya shida: lami ya moto hadi Mambrui, mchanga wa Ngomeni, mawe na visiki vya njia za Marafa, na mvua ikinyesha, ule udongo mweusi wa upande wa Garsen unaoshika gurudumu kama ugali ushikavyo mwiko. Nina Hilux ya dizeli, nabeba maembe na mananasi ya Magarini, na mara nyingine napeleka watu hadi Sala, lango la Tsavo Mashariki, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa. Wenzangu wananiuliza kila mara wanunue tairi gani. Jibu langu linaanzia mahali ambapo wengi hawatazami, ubavuni.

Huku kwetu tairi hufa kwa ubavu au kwa uzee kabla meno hayajaisha. Nililijua hili nikitoka Marafa na mzigo. Nilisikia mlio kama wa mtungi wa gesi unaovuja, gari likalalia kushoto. Niliposhuka, meno yalikuwa bado marefu, unazamisha ncha ya kidole. Lakini ubavuni palikuwa na mpasuko wa upana wa kiganja. Kando ya njia kulikuwa na kisiki cha mgunga kilichokatwa kwa panga, kimechongoka kama mkuki, na ncha yake imebaki na mpira mweusi. Fundi wa pancha alilitazama mara moja akaniambia, "Ami, hapa hapazibiki." Alisema kweli. Ubavu hupinda na kunyooka kila gurudumu linapozunguka, kiraka hakikai. Tairi lililobakiza nusu ya maisha yake likaenda kufanywa kiti cha bembea.

Namba moja kwangu, basi, ni A/T yenye alama ya LT. A/T ni tairi la njia zote: meno ya wastani, nafasi za kutosha kutema kokoto na tope jepesi, na bado linatulia kwenye lami. LT maana yake limetengenezwa kwa gari la mzigo. Tafuta herufi hizo mbele ya saizi, kwa mfano LT265/70R17, kisha utafute herufi E au maneno ya plai 10. Namba hiyo 10 ni kipimo cha nguvu tu, si kwamba ukilikata utahesabu tabaka kumi. Halafu soma namba ya uzito, inayofuata saizi. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 121 ni kilo 1,450. Ukibeba mananasi mpaka springi zinanyooka, tofauti hiyo utaiona mwenyewe.

Kwa majina, BFGoodrich All-Terrain ndilo la siku nyingi, aina hiyo ilianza 1976, na toleo la KO2 lina mpira wa ziada mabegani na ubavuni, pale pale visiki vinapogusa. Yokohama Geolandar A/T na Bridgestone Dueler A/T nazo zinaheshimika. Lakini usinunue kwa jina pekee. Jina lile lile huuzwa likiwa LT na likiwa la kawaida, meno yanafanana kabisa, na muuzaji asiyejali atakupa lolote lililoko stoo. Inama ulisome tairi lenyewe.

Ubaya wake nitausema pia. Ni zito, linakula mafuta zaidi kidogo, na gari likiwa tupu linakurusha. Tena linataka upepo mwingi kuliko tairi la kawaida kwa mzigo ule ule. Ukilijaza psi 30 kwa mazoea ya zamani huku umepakia, linapata joto, na joto ndilo huvunja tairi kutoka ndani.

Namba mbili ni A/T ya kawaida, isiyo na LT. Kama kazi yako ni Malindi, Kilifi, Mombasa kwa lami, na shamba la Gede au Kakoneni mara moja kwa wiki, hii inakutosha kabisa. Ni nyepesi, ni laini, bei yake ni nafuu. Mwenye matumizi hayo akinunua plai 10 analipia nguvu asiyoihitaji.

Namba tatu ni M/T, tairi la matope, na hapa najua vijana watanibishia, maana ndilo linalopendeza gari likiegeshwa. Mahali pake papo. Ukiishi delta ya Tana, au kazi yako ikikupeleka mashamba ya ndani masika ya Aprili na Mei, meno yale makubwa yenye mapengo hutema tope na kushika tena, wakati A/T imeshajaa udongo na kuwa laini kama chupa. Maxxis Bighorn ni mfano mzuri. Lakini mwaka mzima? Kwenye lami linavuma, linaisha haraka, na mvua ikinyesha mpira unaogusa barabara ni mchache, breki zinachelewa. Siku hizi kuna R/T, lililo katikati ya hayo mawili. Kwa mtu wa delta anayekuja Malindi kila wiki, ningemwelekeza huko.

Kuna kosa moja kuhusu M/T ambalo limewafukia wengi: kudhani tairi la matope ndilo la mchanga. Mchanga hauhitaji meno. Meno makali yanachimba, na ukikanyaga mafuta unajichimbia shimo mpaka difu inalala. Mchanga unataka tairi pana, bapa, linalopita juu kama unyayo wa ngamia. Hilo unalipata kwa kupunguza upepo. Kabla ya kuingia mchanga mzito, nashuka na kushusha kutoka psi 35 hadi 18, mzigo ukiwa mdogo. Alama ya tairi ardhini inarefuka, na gari lililokuwa likilia linatoka taratibu. Endesha polepole, usikate kona ghafla, tairi lisije likachomoka kwenye rimu. Ukirudi kwenye lami, jaza mara moja. Kwa hiyo geji ya upepo na kompresa ndogo ya betri viweke katika bajeti ya matairi, maana A/T yenye kompresa huvuka mchanga unaoishinda M/T isiyo nayo.

Namba nne, H/T, ni la barabara kuu. Kwenye lami ni zuri, ubavu wake mwembamba. Kwa njia za Marafa silishauri.

Wenye Land Cruiser za kazi zinazotumia 7.50R16 na tyubu wako katika safu yao wenyewe. Baki nalo. Ni jembamba, halionekani kitu, lakini fundi yeyote wa kando ya njia mwenye nyundo na vyuma viwili analifungua, anaziba tyubu, unaondoka.

La mwisho kabisa ni mtumba, pamoja na lile "jipya" lililozeekea dukani, na hapa siogopi kurudia. Najua bei inavyovuta, najua hali ya pesa. Lakini joto letu, jua letu na hewa ya chumvi huzeesha mpira hata tairi likiwa limesimama. Nilinunua matairi mawili "mapya" katika duka moja, yana vinyweleo vyake vya mpira bado, yanang'aa. Baada ya miezi michache nikaona mipasuko myembamba kama nyufa za udongo uliokauka. Nikalala chini ya gari na tochi ya simu, nikaifuata alama ya DOT upande wa ndani, mpaka namba nne za mwisho: 1415. Yalitengenezwa wiki ya 14, mwaka 2015. Nilikuwa nimeyanunua 2022.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, tafuta namba hizo nne kwenye kila tairi, si moja tu. 2324 ni wiki ya 23 ya 2024. Huenda zimeandikwa upande mmoja pekee, basi mwambie muuzaji aligeuze. Tairi lililokwisha pita miaka 6 mimi silinunui, hata likiwa na meno yote. Na kwa lile ulilonalo tayari, tazama vile vinundu vidogo ndani ya mifereji. Meno yakilingana navyo, yamebaki milimita 1.6, tairi limekwisha.

Kuhusu saizi: 265/65R17 na 265/70R16 zina kimo karibu sawa, tofauti ni kama milimita moja, lakini ile ya rimu ya 16 ina ubavu mrefu zaidi, na ubavu mrefu hunyumbulika vizuri kwenye mawe na mchanga. Ukipanda kutoka 265/65R17 hadi 265/70R17 unaongeza kimo kama asilimia 3.4, na spidomita itakudanganya: ikionyesha 100, wewe uko 103. Matairi manne yawe ya aina moja na yamechakaa sawa, maana ukifunga fobaifo huku kimo kinatofautiana, unaisumbua gia. Ukiweza nunua matano, spea iwe ndugu ya wenzake.

Siku ya kufunga, mwombe fundi apake maji ya sabuni kwenye valvu na ukingo wa rimu, hasa kama unapita Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi, kwa sababu kutu ya rimu huvujisha upepo kidogo kidogo. Povu likitokea, rimu isuguliwe kwanza. Fanya alaimenti hapo hapo. Na ukishakwenda kama kilomita 50, simama kivulini, toa spana, ukaze nati zote tena.