Vitabu vya Ken Walibora: anza na Siku Njema

Kila shule zinapofungwa mwezi wa Desemba, wazazi huniuliza swali lilelile: mtoto anapenda kusoma, nimnunulie nini cha Kiswahili? Nafundisha Kiswahili hapa Tanga, na siku hizi jibu langu ni Siku Njema, riwaya ya mwandishi Mkenya Ken Walibora. Wengi hunikodolea macho. Watoto wetu wanaijua Takadini, wanaijua Watoto wa Mama N'tilie, kwa kuwa ndizo zilizomo kwenye orodha ya shule. Lakini ukivuka mpaka wa Horohoro tu, ukamtajia jina la Walibora mtu aliyesoma sekondari Kenya, atakuanzia hadithi hapo hapo mlangoni.

Mimi nilifikishiwa vitabu hivi na dada yangu aliyeolewa Likoni, Mombasa. Wanawe walisoma Kidagaa Kimemwozea kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne, maana kilitahiniwa kule kuanzia 2013 hadi 2017, na alipokuja kutusalimia akanibebea nakala yao. Ilikuwa imejaa mistari ya kalamu nyekundu na ya buluu, pembeni pameandikwa "tashbihi", "kinaya", "maudhui: ufisadi". Hakuna ukurasa hata mmoja ambao mtoto ameandika kwamba amecheka au ameumia. Hilo lilinisikitisha, kwa sababu kitabu chenyewe kinaumiza kwelikweli.

Nianze na kile ninachokipenda zaidi. Siku Njema kilitoka mwaka 1996, na ndicho kilichompa Walibora jina. Anayesimulia ni Kongowea Mswahili, kijana aliyezaliwa na kulelewa hapahapa Tanga. Mama yake, Zainabu Makame, ni mwimbaji wa taarabu. Baba hamjui. Mama anafariki mtoto angali mdogo, na aliyebaki anaonja makali yote ya yatima: kutupiwa maneno kuhusu kuzaliwa kwake, kulelewa na watu ambao si wote wanaomtaka, kujisomea kwa shida. Hatimaye anafunga safari kuingia Kenya, hadi Kitale, kumsaka baba yake.

Mtu wa Tanga hawezi kusoma mwanzo wa kitabu hiki bila kukaa vizuri kitini. Mwimbaji wa taarabu wa Tanga si pambo la hadithi. Mji huu ndio wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, ndio uliotupa sauti ya Bi Shakila, na wazee wetu bado wanakumbuka nyimbo zile zilivyokuwa zikipigwa redioni. Walibora hakuwa wa Pwani. Alizaliwa mwaka 1965 magharibi mwa Kenya na kukulia upande wa Cherangany, Trans Nzoia, mbali kabisa na bahari. Ila alipotaka shujaa wake wa kwanza, alikuja kumchukua kwetu, akampa mama msanii, kisha akampeleka kwao yeye, kule kwenye mashamba ya mahindi. Kawaida safari za hadithi zetu humtoa kijana shamba zikamleta mjini. Hapa mtoto wa Pwani anapanda bara na Kiswahili chake mdomoni, na kila anapofika lugha hiyo ndiyo inayomfungulia milango au kumtambulisha kuwa mgeni. Nimewasomea kidato cha pili sehemu za safari hiyo kwa sauti, na darasa zima lilinyamaza, hata wale wa nyuma.

Kiswahili chake ni kizito. Nalisema mapema ili mzazi asije kunilaumu. Walibora aliamini kijana anaweza kubeba methali mbili katika aya moja na msamiati ambao hajawahi kuusikia, na hakumtafunia. Mtoto wa miaka 13 atahitaji kamusi pembeni au mtu mzima wa kumuuliza. Kwangu mimi huo ni uzuri wa kitabu. Vitabu vingi vya vijana vimeandikwa kana kwamba msomaji wake ni mgonjwa wa kulishwa uji, na wanafunzi wangu wanalijua hilo, wanavitupa.

Kidagaa Kimemwozea ni habari nyingine. Hapa Amani, kijana aliyefungwa jela kwa kusingiziwa na kuibiwa mswada wake wa riwaya, anaishia kuchunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora. Pamoja naye yuko Imani, msichana aliyepokonywa kila kitu. Usiku mmoja mtoto mchanga anaachwa mlangoni pa kibanda cha Amani. Wawili hao, wasio na kitu, wanamlea, wanampa jina Uhuru. Anapougua wanamkimbiza zahanati, hawapati msaada, mtoto anafariki, na wanaotiwa mbaroni ni wao. Baba halisi wa mtoto anajulikana baadaye, na ndiye mwenye cheo kuliko wote. Sehemu ile ya zahanati nimeirudia mara nyingi, kwa sababu mwandishi hapigi kelele. Anaonyesha tu uzembe wa kawaida, ule ambao kila mama aliyewahi kupanga foleni na mtoto mgonjwa anaujua, na mwisho wa uzembe huo ni maiti.

Ukiangalia kazi zake, jela imo. Nadhani haikuwa bahati tu. Kabla ya kuwa mtangazaji wa habari za Kiswahili kwenye televisheni alikuwa afisa anayeshughulika na wahalifu waliopewa vifungo vya nje, na shahada yake ya uzamivu, aliyoipata Ohio State nchini Marekani mwaka 2009, ilihusu masimulizi ya waliofungwa kwa sababu za kisiasa Kenya. Amani akisingiziwa, unahisi mwandishi amekaa na watu wa namna hiyo na amewasikiliza.

Kasoro zipo. Majina ya wahusika yanasema mno. Mwalimu Majisifu anajisifu, Madhubuti ni madhubuti, Imani ana imani, na msomaji anakuwa ameshatoa hukumu kabla mhusika hajafungua kinywa. Huko Tomoko, nchi ya kubuni ya Kidagaa, waovu ni waovu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na fundo zinafunguka kwa urahisi kuelekea tamati. Siku Njema ina afueni kwa upande huo, kwa sababu Kongowea mwenyewe anakosea, anaona haya, anababaika.

Kufa Kuzikana, cha 2003, ni urafiki wa Akida na mwenzake katika nchi ambayo makabila ya Wakanju na Wakorosho wanachinjana. Bonde la Ufa lilikuwa limeshapitia mapigano ya kikabila ya miaka ya 1990, na miaka minne baada ya kitabu, Kenya ikaingia kwenye machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007. Mpe kijana wa kuanzia miaka 15. Hadithi yake fupi "Damu Nyeusi", iliyoupa jina mkusanyiko alioushirikiana kuuhariri na Said A. Mohamed, inamhusu Fikirini, mwanafunzi Mwafrika anayebaguliwa Marekani. Inafaa sana kwa kijana anayedhani kule kila kitu ni sukari. Kwa wadogo wa darasa la sita na la saba kipo Ndoto ya Amerika, kifupi, kinachosomeka siku mbili tatu, chenye onyo lilelile kwa sauti nyepesi.

Jambo moja linaniuma. Kenya vitabu hivi vimezungukwa na miongozo, yale madaftari ya muhtasari yenye dondoo za mtihani. Mpwa wangu mkubwa alipata alama nzuri bila kumaliza Kidagaa yenyewe, aliniambia waziwazi. Nikamwomba akisome tena akiwa hana mtihani mbele yake. Akakisoma, akanipigia simu usiku kuniuliza kama ninaamini Imani angeweza kusamehe. Hiyo ndiyo kazi ya kitabu, na hakuna mwongozo unaoweza kumfanyia mtu.

Walibora alifariki Nairobi Aprili 2020, akiwa na miaka 55, wakati ule wa korona ambapo hata mazishi yalikuwa ya watu wachache. Kabla ya hapo alikuwa ameshaandika tawasifu, Nasikia Sauti ya Mama, na nashauri mtu aisome baada ya Siku Njema. Mama anayeombolezwa katika riwaya, utamkuta tena humo, safari hii akiwa mama wa mwandishi mwenyewe.

Kuhusu kununua: huku Tanga sijaviona madukani, naviagiza kwa watu wanaokwenda Mombasa. Angalieni nakala za vichochoroni. Muuzaji mmoja alimuuzia dada yangu Kidagaa ya bei poa, karatasi nyembamba, wino umekwajuka, na kurasa kadhaa za katikati zimerudiwa huku nyingine hazimo. Fungua kitabu, hesabu kurasa palepale kabla hujatoa hela. Na kama fedha inatosha kitabu kimoja tu, chukua Siku Njema, ukisome wewe mzazi kwanza, halafu mwachie mtoto mezani bila kumwambia lolote.