“Mlango si wa kushikwashikwa”: uzoefu wangu na mafundi rangi

Anayesoma haraka ili aamue, jibu ni hili: kuta wanaziweza. Fremu za milango, sketing (zile mbao za chini ya ukuta) na mbao za madirisha hawaziwezi, na kibaya zaidi hawataki kuambiwa. Jina la kampuni silitaji, sina nguvu ya kupigiwa simu tena.

Niwape kwanza haki yao. Kijana aliyepiga sebule ana mkono. Makopo yote aliyamimina kwenye ndoo moja kubwa akayachanganya, ili tofauti ndogo ya kopo na kopo isije ikajitokeza katikati ya ukuta. Mashimo ya misumari aliyajaza puti, akaiacha ikauke, akapiga msasa, akajaza tena kwa sababu puti hunywea. Kona ya ukuta na dari aliichora kwa brashi bila tepu, na mstari umenyooka. Rola hakuiweka chini mpaka amalize ukuta mzima, kwa hiyo hata jioni, taa ikimulika kwa ubavu, sioni mchirizi. Nilimwangalia nikafurahi kabisa. Kazi ingeishia pale ningewasifia mpaka wachoke.

Kisha wakaja wenzake kwenye mbao.

Mbao zangu zilikuwa na rangi ya mafuta ya zamani, ile ya kung'aa. Nilitaka ziwe nyeupe, wakashauri rangi ya maji, nami nikaona ni ushauri mzuri. Nyeupe ya mafuta hugeuka njano kadiri miaka inavyokwenda, hasa sehemu zisizopata mwanga, na harufu ya thina ndani ya nyumba yenye watu ni adhabu. Tatizo halikuwa rangi. Rangi ya mafuta ikishakauka inakuwa na uso mgumu unaoteleza, na ya maji ukiipiga juu yake hivi hivi haina pa kushika. Unatakiwa uikwaruze kwa msasa, tuseme namba 150 au 180, mpaka ule mng'ao ufe, ufute vumbi, upige praima ya kushikiza, ndipo ufungue kopo la rangi. Ni kazi ya kuchosha, na ikiisha haionekani. Ndiyo maana inarukwa.

Hawa walipitisha kitambaa chenye maji. Mkono wa kwanza, kupumzika kidogo, mkono wa pili, wakakunja maturubai. Jioni ile fremu zilipendeza, siwezi kukana.

Wiki za mwanzo nilikuwa mpole. Rangi ya maji unaweza kuigusa baada ya saa moja au mbili, ila kukomaa kabisa inaweza kuchukua hadi siku 30, basi nikawa nawakataza watoto wasiegemee. Muda huo ukapita, na mwingine juu yake. Siku moja nafunga mlango wa chumbani, pete ikakwaruza fremu karibu na kitasa. Kidogo tu. Nikaona ukingo mdogo umenyanyuka, nikaushika kwa ukucha, nikavuta. Ikaja! Haikukatika vipande, ilivutika ukanda mmoja mrefu, laini, unaonyumbuka kama mpira, ikashuka kutoka kitasani mpaka usawa wa goti. Chini yake rangi ya zamani inang'aa vilevile, haina hata alama moja ya msasa. Nilipoinama niliona kivuli cha kidole changu ndani yake.

Nikapiga picha, nikatuma. Baada ya kukumbusha na kukumbusha, akaja msimamizi wao. Akapapasa fremu, akaguna, akaniuliza:

“Dada, huu mlango mnaushikashika?”

Nikadhani ananitania. Nikamwambia tunaufungua na kuufunga.

“Ndiyo hapo sasa. Mlango si wa kushikwashikwa. Rangi inataka heshima.”

Jamani. Nimejaribu kuisahau sentensi hiyo nimeshindwa. Naosha vyombo, inarudi. Mlango si wa kushikwashikwa! Ni wa nini sasa, wa kutazamwa? Tuwe tunapitia dirishani? Na dirisha nalo si walilipiga wao wao, nalo likitaka heshima tutatokea wapi? Fremu ya mlango, kuliko kitu kingine chochote ndani ya nyumba, ndiyo inayoguswa, kugongwa na viti, kuparuzwa na mabegi. Fundi asiyejua hilo sijui anadhani watu wanaishije.

Nikamuuliza kama mbao zilipigwa msasa. Akasema zilipigwa. Nikamwonyesha ule mng'ao. Akasema huo ni mng'ao wa rangi mpya umepenya kwenda ndani. Umepenya! Akahamia kwenye unyevu, kwamba nyumba yangu inatoa maji. Fremu ya mlango wa ndani, katikati ya nyumba, mbao kavu tupu. Hapo nikaenda kuchukua pamba na spiriti ya kuoshea vidonda. Nikasugua rangi yao, pamba ikachafuka nyeupe, maana spiriti hulainisha rangi ya maji. Nikasugua ile ya chini, pamba ikabaki safi, maana ya mafuta haitikisiki. Jaribio la dakika moja, lingefanywa kabla ya kazi tusingefika hapa. Aliniangalia muda wote huo, halafu akasema, “Kumbe na wewe fundi. Sasa ulituitia nini?”

Angeniambia kwamba aliogopa vumbi la rangi ya zamani ningemwelewa, tena ningemheshimu. Rangi za zamani sana huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto hasa. Marekani walipiga marufuku rangi za majumbani zenye risasi mwaka 1978. Nyumba ya zamani hupimwa kwanza, haikwaruzwi ovyo. Nyumba yangu si ya umri huo, lakini ingekuwa sababu yenye akili. Yeye alichagua heshima ya mlango.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Ofisini kwao alipokea simu dada mmoja muungwana sana, akasikiliza mpaka mwisho, akaniomba radhi, akaahidi watarudi bila malipo. Nikalainika. Siku hiyo ningeandika maoni haya mngesoma nyota nne.

Walirudi kweli. Mnajua walikuja na nini? Kopo la rangi na brashi. Msasa hakuna, skrepa hakuna, praima hakuna. Wakapiga mkono wa tatu juu ya ile ile inayobanduka, na pale nilipovuta mimi sasa pana bonde unaloliona ukiwa kwenye korido. Nilipouliza, mmoja akanijibu taratibu, bila kugeuka, kwamba ameambiwa aje “kufunika”. Angalau huyo alisema kweli.

Na bado baadaye ofisi ikaniomba ruhusa ya kupiga picha sebule yangu kwa ajili ya matangazo. Nikawaambia karibuni sana, ila fremu ya mlango ionekane.

Mbao zote zimefanywa upya na fundi mwingine, mzee asiye na kampuni wala fulana yenye nembo. Alibandua, akapiga msasa, akafuta, akapiga praima, akatuacha siku nzima na fremu zenye rangi ya majivu kabla ya kurudi na nyeupe. Fremu moja ilimchukua muda kuliko wale wengine walivyotumia kwenye chumba kizima. Rangi ilipokomaa alikuja kukata alama ya msalaba kwa wembe sehemu iliyojificha nyuma ya bawaba, akabandika tepu juu yake, akaivuta kwa nguvu. Tepu ikatoka tupu. Nilikuwa nimemwekea ubao mmoja wa dirisha wenye kazi ya wale, akafanya vilevile, tepu ikaja na rangi upana wa tepu yote. Hakusema neno, alinipa tu ile tepu nishike.

Basi nyota mbili, zote za kuta. Hapana, moja. Ile ya pili ni ya yule kijana wa sebule, si ya kampuni, na nikipata namba yake nitamwita peke yake aje apige chumba cha watoto.