Uzoefu wangu wa kupanga mtandao na proksi kwenye Linux ya mezani

Natumia Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, yenye mazingira ya madirisha ya GNOME kwa kazi zangu za kila siku, na kompyuta yangu huhama kati ya mtandao wa kazini, ambao haufiki kwenye intaneti ila kwa kupitia proksi, yaani seva ya katikati inayopeleka maombi ya kompyuta kwenye intaneti, na mtandao wa nyumbani usio na sharti kama hilo. Kwa sababu hiyo naifungua sehemu ya mipangilio ya mtandao mara nyingi, na maoni yangu juu yake yamegawanyika: upande wa mtandao wenyewe nauamini kabisa, lakini upande wa proksi unampa mtumiaji matumaini makubwa kuliko kazi unayoifanya.

Nianze na upande mzuri, ambao hauhitaji maneno mengi. Kazi yote ya miunganisho hufanywa na NetworkManager, programu iliyoanzishwa na Red Hat mwaka 2004, na iwe ni waya, Wi-Fi au VPN (njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti), kila muunganisho una mipangilio yake: anwani ya IP, njia ya kutokea (gateway) na seva za DNS, zinazotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani. Anayependa madirisha ataridhika na madirisha, na anayependa kuandika amri atayapata yote hayo kupitia nmcli, programu ya amri ya NetworkManager. Jambo moja tu la kukumbuka ni kwamba baada ya kubadilisha anwani, mabadiliko hayaanzi kufanya kazi mpaka muunganisho uwashwe upya.

Proksi ni habari nyingine. Dirisha la GNOME linakupa hali tatu: bila proksi, proksi ya kujazwa kwa mkono, na proksi ya kujipanga yenyewe kwa kutumia faili la PAC, lenye maelekezo ya proksi ipi itumike kwa anwani ipi. Unajaza jina la seva na namba ya poti, kwa mfano 3128 ambayo Squid, programu ya seva ya proksi, huitumia kama haikubadilishwa, kisha unafungua kivinjari na kurasa zinakuja. Hapo mtu yeyote angedhani kompyuta nzima sasa inapitia proksi, na dhana hiyo ndiyo chanzo cha usumbufu wote unaofuata. Dirisha lile halilazimishi chochote. Linaandika thamani chini ya org.gnome.system.proxy, sehemu ya hifadhi ya mipangilio ya GNOME, na kuiachia kila programu hiari ya kuisoma. Vivinjari vya Firefox na Chromium huisoma, na programu nyingi za GNOME pia, lakini programu za amri kama curl na wget (za kupakua), git (ya kutunza matoleo ya msimbo) na apt (ya kusakinisha programu) hazina habari nayo.

Programu za amri hutazama vigeu vya mazingira, thamani zenye majina ambazo programu huzirithi inapoanzishwa, yaani http_proxy, https_proxy na no_proxy (orodha ya anwani zisizopitia proksi). Baadhi ya terminali (madirisha ya kuandikia amri), ikiwemo ile ya GNOME, hunakili mipangilio ya dirisha kwenye vigeu hivyo pale kichupo kipya kinapofunguliwa, na jambo hilo ni la msaada, ila kichupo kilichofunguliwa kabla ya mabadiliko kitaendelea kubeba thamani za zamani. Kisha ukiandika sudo, amri ya kufanya kazi kwa mamlaka ya msimamizi, vigeu hivyo kwa kawaida hufutwa kwa sababu za kiusalama, ndiyo maana curl inaweza kufanikiwa huku sudo apt update ikikwama katika dirisha lilelile. Dawa niliyoiona ya kudumu ni kuiandikia apt faili lake ndani ya /etc/apt/apt.conf.d, lenye mstari wa Acquire::http::Proxy ukifuatwa na anwani ya proksi kati ya alama za nukuu na nukta mkato mwishoni. Vifurushi vya snap, njia nyingine ya kusakinisha programu kwenye Ubuntu, navyo vina amri yao, sudo snap set system proxy.http, na git inaweza kupangiwa proksi yake kwa http.proxy.

Kuna mambo mawili ambayo ningependa dirisha lenyewe liyaeleze, kwa kuwa kimya chake kinawagharimu watu saa nzima. La kwanza ni safu ya dirisha iliyoandikwa HTTPS, yaani mawasiliano ya tovuti yaliyosimbwa. Safu hiyo inahusu aina ya safari, si aina ya proksi: proksi ileile ya kawaida huombwa ifungue njia kwa amri ya CONNECT, na usimbaji hubaki kati ya kivinjari na tovuti. Ndiyo maana thamani ya https_proxy mara nyingi huanza na http://, na hilo ni sahihi kabisa. La pili ni nenosiri. Dirisha nililolitumia halina nafasi ya jina la mtumiaji wala nenosiri, kwa hiyo kivinjari huuliza chenyewe, na kwenye vigeu vya mazingira inabidi uviweke ndani ya anwani, ambapo alama ya @ iliyomo kwenye nenosiri lazima iandikwe %40. Nenosiri lililowekwa hivyo husomeka wazi, nami nashauri lisiwekwe kwenye /etc/environment, faili ambalo kila mtumiaji wa kompyuta anaweza kulisoma.

Orodha ya anwani za kurukwa nayo inataka uangalifu. Dirisha linakubali kundi zima la anwani kama 127.0.0.0/8 (anwani za kompyuta yenyewe), lakini si kila programu inayosoma no_proxy inaelewa maandishi ya namna hiyo. Curl ilianza kuyaelewa mwaka 2022 katika toleo la 7.86.0. Kwa seva za ndani naona ni salama zaidi kuandika majina ya vikoa.

Kinachonikera zaidi ni kwamba proksi ya GNOME haifungamani na muunganisho. Wi-Fi hubadilika yenyewe ninapofika nyumbani, lakini proksi hubaki ileile, na kivinjari huendelea kuitafuta seva isiyofikika. Nimeifungia amri ya gsettings set org.gnome.system.proxy mode none, inayoizima proksi, kwenye kitufe kimoja cha njia ya mkato, na amri yenye manual mahali pa none kwenye kitufe cha pili. Faili la apt halibadiliki kwa vitufe hivyo, kwa hiyo masasisho nayafanya nikiwa kazini tu.