Buti za kupandia Mlima Kenya: uzoefu wangu nikiwa Malindi

Buti zangu ni za mitumba, nilizipata sokoni hapa Malindi: ngozi nene, shingo ndefu, chini zimeandikwa Vibram, jina la kampuni ya soli. Nimepanda nazo Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon mpaka kilele cha Lenana, mita 4,985, na bado nazivaa. Nawaandikia wenzangu wa pwani, maana huku kwetu kinachoua buti si mawe, ni hewa.

Buti nyingi za siku hizi zina tabaka la povu la poliyurethani baina ya ngozi na mpira wa chini, ndilo linalofanya mguu usiumie. Povu hilo huliwa na unyevunyevu, na joto likiongezeka ndiyo mbio zaidi, hata kama buti zimekaa kabatini hazijavaliwa. Utaziona zinang'aa, kumbe ndani zimeshakuwa kama biskuti. Mwenzetu mmoja tuliyepanda naye soli zilimbanduka kabla hatujafika kambi ya Shipton's, akamalizia njia soli zimefungwa kwa kamba, miguu imelowa. Niliumia kumtazama.

Basi kabla hujatoa pesa, bonyeza tabaka hilo kwa ukucha. Likimeguka, likitoa unga, au ukiona nyufa ndogondogo ubavuni, ziache hata ukipunguziwa bei vipi. Kisha zikunje kwa nguvu usikilize kama gundi inaachia.

Zangu hazina povu hilo. Soli imeshonwa kwa uzi kuzunguka ukingo, kwa hivyo ikiisha fundi ataitoa atie nyingine, na hilo kwangu ndilo uimara wenyewe. Mpira wake unashika vizuri kwenye mwamba uliolowa. Vitale Bramani, Mwitaliano, alianza kuzitoa soli hizi za Vibram mwaka 1937 baada ya wenzake sita kufia milimani.

Ubaya wake ni uzito na ugumu. Nilizilainisha kwa kwenda nazo Marafa, kupanda na kushuka makorongo ya Nyari, mpaka kisigino kikazizoea. Chukua saizi inayoacha nafasi mbele ya vidole, na uzijaribu ukiwa na soksi nzito. Wakati wa kuteremka ndipo kucha huumia. Karibu na kilele, alfajiri, mara nyingine kuna barafu ngumu, na hapo soli peke yake haitoshi. Kodisha vile vyuma vya meno vinavyovalishwa juu ya buti.

Ukirudi nyumbani usizifungie kwenye mfuko wa nailoni. Zifute kwa kitambaa chenye maji baridi, uzijaze magazeti, uzianike kivulini penye upepo, mbali na jiko, kwani moto hupasua ngozi na kulegeza gundi. Halafu zivae mara kwa mara, hata kwa kwenda shamba tu.