The Doctor (1991): kama umewahi kuuguza mtu, hii muvi itakugusa

Mdogo wangu anasoma uuguzi, ndo aliyeniwekea hii muvi kwenye flashi akasema dada iangalie. Ni ya kitambo, ya 1991, ya Wamarekani, kaiongoza mwanamke anaitwa Randa Haines na steringi ni William Hurt, yule aliyefariki 2022. Inaenda kama masaa mawili. Hakuna kufukuzana wala bunduki ila mimi sikuinuka kwenye kiti.

Hurt ni Dokta Jack MacKee, bingwa wa upasuaji huko San Francisco. Kazi anaijua kwelikweli, shida ni anavyoishi na wagonjwa. Mtu kalala mezani kapasuliwa, yeye na wenzake wanaimba na redio. Madaktari wanafunzi anawafundisha kwamba mpasuaji kazi yake ni kuingia, kurekebisha, kutoka, hayo mambo ya hisia yatamchanganya mkono. Kuna dada kafanyiwa upasuaji wa kifua, anauliza kuhusu kovu maana anawaza mumewe atamuonaje, jamaa anamrushia utani kwamba atafanana na wale wasichana wa kurasa za katikati za magazeti ya watu wazima, eti hata zile pini zinazoshika kurasa anazo, akimaanisha pini za mshono wake. Basi. Dada wa watu kauliza kitu kinachomnyima usingizi na katoka mle ndani bila jibu.

Halafu kikohozi kinamuanza yeye, mpaka siku anakohoa damu. Anaenda kwa bingwa wa masikio, pua na koo, mwanamama anaitwa Dokta Abbott, anamuingiza kile kimrija chenye taa kooni, anaangalia, anamwambia kuna uvimbe. Kavu hivyohivyo, sauti haipandi haishuki. Yaani hamtukani, hakosei chochote kwenye vipimo, ila hayupo na wewe. Mimi hapo nilisimamisha muvi kidogo, maana nilimuuguza mama yangu saratani, na kwenye hospitali moja daktari alikuwa anakuja na wanafunzi wake wanasimama kwenye kitanda chake wanaongea Kiingereza juu ya kichwa chake, wanafunua shuka, wanafunika, wanaenda kitanda kinachofuata, na mama anabaki ananiuliza mimi wamesemaje. Na mimi ningejuaje wamesemaje jamani.

Kilichonifanya niipende hii muvi kuliko nyingine za madaktari ni kwamba huyu Jack habadiliki kwa sababu mtu kamhubiria. Anabadilishwa na foleni. Hospitali ni yake mwenyewe, kila mtu anamjua, lakini akishakuwa mgonjwa anapewa fomu ajaze, akijaza anaambiwa kuna nyingine, analazwa chumba cha watu wawili wakati alitaka cha peke yake, anawekewa hadi enema (ile dawa ya maji ya kusafisha utumbo inayopitishwa njia ya haja kubwa) ambayo ilikuwa ya mgonjwa mwingine. Anakaa kwenye vile viti vya kusubiria mionzi ya kutibu ule uvimbe wake akiamini daktari hatakiwi kusubiri, na wenzake pale wanamuangalia tu maana wao wameshazoea. Aliyewahi kushinda kwenye lile benchi na mgonjwa anajua, unaanza kuwajua watu, nani leo hajaja, nani kapungua, na hutaki kuuliza.

Pale ndo anakutana na June (Elizabeth Perkins), dada mwenye uvimbe kwenye ubongo. June aliumwa kichwa muda mrefu na kipimo ambacho kingeonyesha mapema hakupimwa, kwa sababu ya gharama na mambo ya bima. Jack mwanzoni anamdanganya, anampa stori ya mgonjwa aliyekuwa na tatizo kama lake akapona, halafu baadaye inabidi akiri kwamba huyo mtu hayupo. Hiyo sehemu naiona ndo kubwa kuliko zote humu ndani. Watu wengi wanadhani kumjali mgonjwa ni kumpa maneno matamu, hapana, June alikuwa anahitaji mtu mmoja tu ambaye hatamdanganya, na huyo mtu alitakiwa kuwa daktari.

Kuna vitu sijavipenda. June kaandikwa kama vile kazi yake duniani ni kumfundisha Jack kisha afe, nilitamani tuone kwao, ndugu zake, nani anampikia. Ile safari yao ya jangwani Nevada ni nzuri kwa macho lakini mke wa Jack, Anne (Christine Lahti kacheza vizuri sana), yuko nyumbani anataka kumuuguza mumewe na mume hampi nafasi, muvi inalipitia hilo harakaharaka wakati ndo linaloumiza familia nyingi. Na manesi jamani, manesi wanapita kwa nyuma tu! Mdogo wangu hilo lilimkera, na ana haki, maana usiku mgonjwa akiita haji bingwa.

Jack anamwacha yule Abbott na kwenda kupasuliwa na daktari mwenzake, Dokta Eli, ambaye miaka yote alikuwa anamcheka kwa upole wake na wagonjwa. Kumuomba mtu uliyemdharau akushikie kisu kooni kwako, aisee, Hurt kaicheza bila kelele kabisa.

Mwishoni akirudi kazini anawavua wanafunzi wake yale makoti meupe, anawavalisha yale magauni ya wagonjwa yaliyo wazi mgongoni, kila mmoja anapangiwa ugonjwa, masaa 72 wanalala kitandani wanakula chakula cha wodini na kufanyiwa vipimo vyote. Mdogo wangu aliirudisha hiyo sehemu akasema chuoni kwao wangefanya hivi hata usiku mmoja. Nakubaliana naye mia kwa mia.

Muvi hii pia imetokana na kitabu cha daktari wa kweli, Ed Rosenbaum, aliyeugua saratani ya koo, labda ndo maana hayo mambo ya fomu na kusubirishwa yamekaa kama yalivyo.

Naipa 8 kwa 10. Kama una mgonjwa ndani ambaye ndo kwanza kapewa majibu usimuwekee, kuna kifo na kinauma. Ila kama una mtoto au mdogo wako yuko chuo cha afya, kaa naye muiangalie pamoja kabla hajaanza kwenda wodini.